Kesi ya Nyota Zilizopotea Ubaoni

Nchi ninayotaka kuisimulia haipo. Nimeitafuta kwenye atlasi ya maktaba ya shule, ile ambayo ukurasa wa bara letu ulichanwa na watu wa Kidato cha Pili wakafungia karanga, na sikuiona. Kwa hiyo msomaji akikuta humu jambo linalofanana na la kwao, ajue kosa ni la macho yake, aende akapimwe.

Katika nchi hiyo isiyokuwapo palikuwa na Mlezi Mkuu, aliyewalea wananchi tangu kabla hawajazaliwa na akaahidi kuendelea kuwalea baada ya kufa kwao. Palikuwa pia na Ubao. Ubao haukuwa wa mbao. Ulikuwa tovuti ya serikali, na sheria ilisema kwamba kilichoandikwa Ubaoni ni kweli, na kisichoandikwa Ubaoni hakijatokea. Mvua ikinyesha bila kutangazwa, watu walipishana njiani wamelowa chapachapa.

"Jua kali leo, ndugu yangu."

"Kali kweli. Mpaka nguo zimelowa jasho."

Kila asubuhi Mlezi Mkuu alibandika ujumbe Ubaoni kwa mkono wake mwenyewe. Mtaalamu mmoja wa kigeni, kabla hajafukuzwa, alikuwa amemfundisha alama chache za kupambia maandishi ya tovuti. Ukitaka neno litokee kwa herufi nzito, unaweka nyota mbili mbele yake na nyota mbili nyuma yake. Mashine inazimeza nyota na kulikoza neno. Ukitaka kichwa cha habari, unatanguliza ile alama ya mistari miwili iliyopishana na mistari miwili. Ukitaka orodha, unaanza kila mstari na kistari. Ni mambo mepesi. Hata watu wa Kidato cha Kwanza huyaelewa, na hao ni watu wanaovaa soksi kisigino kikiwa juu.

Tatizo lilikuwa moja tu. Ubao ulijengwa na mpwa wa Waziri wa Habari. Alipewa kazi ya kujenga tovuti nzima, akajenga nusu, na nusu aliyoiacha ndiyo iliyotakiwa kuzielewa alama. Mashine yake haikujua nyota ni nini. Ilizionyesha kama zilivyo. Siku Mlezi Mkuu alipotaka neno Kazi liwe zito, taifa zima lilifungua Ubao likakuta neno Kazi limesimama katikati ya nyota nne, kama mkuu wa majeshi.

Wataalamu walioelewa kosa hilo walikuwa wengi. Wote walikuwa na watoto wa kusomesha.

Heshima ya nyota

Mtangazaji wa redio ya taifa alipiga simu wizarani.

"Mheshimiwa Waziri, hizi nyota nazisomaje?"

"Wewe unaona nini?"

"Naona nyota."

"Mlezi Mkuu ameweka nyota, wewe unataka kuzificha?"

"Hapana, mheshimiwa. Mimi? Nina familia."

"Basi zisome."

Akasoma: nyota nyota Kazi nyota nyota. Haukupita muda watu wakasahau kwamba nyota zilikuwa kosa. Zilikuwa heshima. Msikilizaji aliinua vidole viwili kila zilipotamkwa, na wanafunzi paredini walifundishwa kuinua vidole bila kumwaga uji. Mawaziri waliruhusiwa nyota moja kila upande wa jina. Wakuu wa mikoa waliomba nusu nyota. Ombi lao liko kwenye kamati. Mwananchi wa kawaida hakuruhusiwa nyota yoyote isipokuwa juu ya kaburi, tena kwa kibali. Wimbo wa taifa, uliokuwa mfupi, ukarefuka kwa nyota hadi askari wa gwaride wakawa wanazimia kila sikukuu. Walipandishwa vyeo wakiwa palepale chini.

Alama ya kichwa cha habari nayo ilijitokeza kama ilivyo. Mlezi Mkuu alitaka tu kuwatakia watu heri ya mwaka mpya kwa herufi kubwa. Wizara ya Ujenzi iliitazama alama ile kutwa nzima.

"Hii ni ramani," alisema mhandisi mkuu.

"Ya nini?"

"Mlezi Mkuu hawezi kuchora mistari minne kwa kujifurahisha. Ni barabara. Mbili zinakwenda hivi, mbili zinakwenda hivi."

Vijiji vilivyokuwa chini ya mistari hiyo vilihamishwa katikati ya msimu wa kupalilia. Barabara zikajengwa, zikapishana vizuri sana, na hadi leo hazijafika popote. Waliohamishwa waliambiwa wasimame kando yake, wayapungie mikono magari yatakapokuja.

Lakini vistari ndivyo vilivyoua watu.

Siku ya Sikukuu ya Malezi, Mlezi Mkuu alibandika mambo anayoyapa kipaumbele mwaka huo, kila moja kwenye mstari wake, kila mstari ukianza na kistari. Walimu. Wauguzi. Dawa. Maji. Ujumbe ulifika Hazina. Katibu wa Hazina alikuwa mtu aliyefaulu hesabu tangu utotoni, hakuhitaji kufafanuliwa.

"Kutoa walimu," alisoma. "Kutoa wauguzi. Kutoa dawa. Kutoa maji."

"Mzee," alisema msaidizi wake, "huenda ni orodha ya vitu anavyovipenda."

"Angevipenda angeweka alama ya kujumlisha."

Vikatolewa.

Mwalimu aliyebaki

Katika nchi hiyo palikuwa na shule ya bweni ya wasichana. Mkuu wa shule, Mzee Lugendo, hakutolewa, kwa kuwa mkuu wa shule si mwalimu, ni mkuu. Mwingine aliyebaki ni Madamu Nyamizi, mwalimu wa kompyuta. Yeye alibaki kwa sababu ofisa wa kuwaondoa walimu wa kompyuta alikuwa ameshaondolewa mwenyewe. Ikawa anafundisha kompyuta, halafu biolojia, halafu historia, halafu netiboli, bila kubadilisha viatu.

Umeme ulikuja ulipojisikia, kwa hiyo kibodi aliichora kwa chaki.

"Kialama hiki hapa, juu kabisa kushoto, kidogo kama ukucha uliokatwa. Kina kazi gani?"

"Ukucha, Madamu!"

"Jina lake si hilo, lakini haya, ukucha. Nina msimbo, yaani maagizo ya kompyuta. Nataka kuuonyesha kwenye tovuti, watu wausome, lakini mashine isiutekeleze. Nifanyeje?"

"Kucha tatu juu, kucha tatu chini!"

"Kilicho katikati?"

"Kinaonekana, hakiguswi!"

"Ukifungua..."

"Funga!"

"Usipofunga?"

"Mashine inameza kila kinachofuata mpaka mwisho wa ukurasa!"

"Vizuri. Wewe Sikudhani, unayecheka nyuma huko, umefungua bomba asubuhi ukaliacha wazi."

"Madamu, maji yenyewe yametolewa."

"Siku yakirudi yatamwagika yote. Nenda ukafunge."

Darasa zima liliangua kicheko, na Sikudhani akaenda akitembea kama Mzee Lugendo, tumbo mbele, kikohozi kikitangulia. Alikuwa na kipaji hicho. Siku moja alikohoa nje ya dirisha la bwalo, na wapishi wakaongeza maharage kwa hofu.

Baada ya siku chache alishikwa na homa. Madamu na wanafunzi walimlaza kwenye toroli la kuni wakamsukuma hadi zahanati. Zahanati ilikuwa na mlinzi.

"Muuguzi yuko wapi?" Madamu aliuliza.

"Ametolewa."

"Dawa ya malaria?"

"Imetolewa."

"Sasa wewe unalinda nini?"

Mlinzi alifikiri. Alikuwa mtu mwema, swali lilimsumbua kweli. "Kufuli, Madamu."

Sikudhani alikufa wakati toroli linarudi, kichwa chake kikiwa kwenye mkono wa Madamu Nyamizi. Kifo chake hakikutangazwa Ubaoni, kwa hiyo kisheria hakufa. Kila asubuhi paredini jina lake liliitwa, na sisi tuliamriwa kujibu, "Yupo." Wao, samahani. Wao waliamriwa. Kalamu imeteleza.

Nusu iliyokosekana

Ilikaribia siku ya kuzaliwa ya Mlezi Mkuu, na Waziri wa Habari, Mheshimiwa Kapalata, akaona kwamba nyota mbili zimezoeleka. Alitaka tatu. Mpwa wake alikuwa ng'ambo akisomea namna ya kukaa ng'ambo. Akaita mafundi wa wizara. Akakumbushwa kwamba walitolewa pamoja na maji, kwa kuwa ofisi yao ilikuwa jirani na tangi. Mwishowe gari jeusi likaja shuleni kumchukua Madamu Nyamizi, mwenye vipande vya chaki mfukoni.

"Ninachotaka ni kidogo," alisema Waziri. "Kila penye nyota mbili za Mlezi Mkuu ziwe tatu. Mpaka kesho."

"Mheshimiwa, zile nyota hazikukusudiwa kuonekana. Ni alama tu. Tovuti ndiyo haikumaliziwa."

"Mwalimu, sikukuita unifundishe. Nimekuita uongeze."

"Na vile vistari si vya kutoa. Mlezi Mkuu alikuwa anataja vitu anavyotaka tuwe navyo. Mheshimiwa, mtoto wangu wa Kidato cha Tatu amekufa kwa sababu ya kistari."

Waziri aliinuka, akaufunga mlango polepole, akarudi kuketi.

"Nani mwingine anajua habari hii ya alama?"

"Kidato cha Tatu wote."

"Basi hao wasifaulu," alisema Waziri, akaandika pembeni ili asisahau. "Ongeza nyota. Mashine ile pale. Mimi nakwenda kula."

Akaenda kula, na Madamu Nyamizi akabaki na Ubao wa taifa.

Hakuongeza nyota. Aliandika nusu ile ambayo mpwa aliiacha. Wala haikuwa kazi ndefu. Ni jambo ambalo Sikudhani angeliweza, kama angekuwa haigizi watu. Alipomaliza alizima taa, akafunga mlango, akaacha ufunguo kwa mlinzi, akarudi shuleni kufundisha netiboli.

Kesho yake asubuhi Ubao ulikuwa mzuri ajabu. Maneno ya Mlezi Mkuu yalikuwa yamekolea. Vichwa vya habari vilikuwa vikubwa. Penye vistari palikuwa na nukta ndogo nyeusi, zimejipanga kwa adabu. Na hapakuwa na nyota hata moja.

Mtangazaji wa redio alifungua kinywa. "Kazi," alisema, akasubiri. Hakuna kilichofuata. "Kazi," alirudia, na taifa zima likasikia anavyopumua. Paredini, sokoni, kambini, watu waliinua vidole wakabaki navyo juu, bila kujua vishushwe lini. Huko Hazina, Katibu alizitazama nukta. Msaidizi wake alithubutu kusema labda sasa dawa zirudishwe.

"Nukta huwekwa wapi katika sentensi?" Katibu aliuliza.

"Mwishoni, mzee."

"Basi. Walimu, mwisho. Dawa, mwisho."

Inasemekana Mlezi Mkuu mwenyewe alipoyaona maandishi yake yamekaa kama alivyotaka miaka yote hiyo, alitabasamu. Lakini hakuna aliyemuuliza anatabasamia nini, kwa maana Waziri alikuwa ameshatangaza wizi. Nyota za Mlezi Mkuu zimeibwa, na aliyekuwa wa mwisho kubaki nazo chumbani anajulikana.

Walimkamata Madamu uwanjani, filimbi ikiwa bado mdomoni.

Ushahidi wakimbia

Mahakamani kila neno liliandikwa moja kwa moja Ubaoni, likaonekana kwenye skrini kubwa ukutani, maana kesi isiyoandikwa Ubaoni haijasikilizwa. Jaji Mwinyikombo alivaa miwani mbili, moja juu ya nyingine, ili haki isimpite.

"Karani, ziandike nyota zilizoibwa, mahakama izione."

Karani aliitwa Makwinya. Akaandika nyota mbili, neno Kazi, nyota mbili, akabonyeza. Skrini ikaonyesha neno Kazi, zito, jeusi, bila nyota, kwa sababu mashine sasa ilikuwa inaelewa kazi yake.

"Ziko wapi?" aliuliza Jaji.

"Nimeziweka, mheshimiwa. Wote mmeniona."

"Tumekuona ukizishika. Baada ya hapo hazikuonekana tena."

Askari walimwinua Makwinya wakampandisha kizimbani, kando ya Madamu. Akaletwa karani wa pili, mama mjamzito. Aliandika huku machozi yakidondokea kibodi, akabonyeza, nyota zikapotea. Kizimbani. Wa tatu alikuwa mzee aliyekaribia kustaafu. Huyo alianza kuomba radhi kabla hajagusa kitu.

Wakili wa Madamu, Bwana Mshangama, aliinama sikioni mwake. Alikuwa anatetemeka kwa furaha.

"Dada, nyamaza. Usiseme neno. Bila kielelezo hakuna kesi, na kielelezo chao kinajifuta kila wanapokileta. Wakiendelea hivi hadi jioni wataishiwa makarani, na Jaji hatakuwa na njia ila kukuachia."

"Na makarani?"

"Watatafuta mawakili."

"Mawakili si wametolewa?"

"Mimi nipo."

"Uko peke yako, Mshangama. Utatetea wangapi?"

"Nitakutetea wewe! Unaonaje nyumbani jioni hii, dada? Unaoga, unakula, unalala kitandani kwako."

Madamu alimtazama yule mama mjamzito, aliyekuwa ameshika ukingo wa kizimba kwa mikono yote miwili. Halafu akamtazama mzee pale kwenye kibodi, anavyozungusha kidole kimoja hewani akitafuta nyota kwa hofu. Kila aliyewahi kukaa darasani kwake angejua kitakachofuata. Alikuwa hawezi kabisa kumwona mtu anateseka ubaoni akamwacha.

Akanyoosha mkono.

"Mheshimiwa Jaji, mwambie mzee aweke kucha tatu juu na kucha tatu chini. Kile kialama cha juu kushoto, baba. Hapo hapo. Na asisahau kufunga, maana kisipofungwa kinameza kila kinachofuata mpaka mwisho wa ukurasa. Mashine haitazigusa nyota. Hawa wawili hawana kosa, waachie washuke."

Mzee akafanya. Akabonyeza. Nyota zikatokea, zote, ziking'aa ukutani, na mahakama nzima ikasimama na kuinua vidole. Mtu mmoja nyuma alilia kwa sauti. Makwinya na mwenzake walifunguliwa. Hawakusubiri kumshukuru mtu.

Wakili wa serikali alitengeneza joho lake.

"Mheshimiwa, mali ya wizi ikipotea, ni nani ajuaye ilipofichwa?"

"Aliyeificha," alisema Jaji.

"Sina la kuongeza."

Bwana Mshangama alifunika uso kwa mafaili.

Hukumu

"Sisi si washenzi," Jaji alianza, na waliozoea mahakama hiyo walijua kwamba mambo yameharibika. "Hatuui watu. Mshtakiwa, nimeelewa kwamba kilicho kati ya kucha huonekana, lakini hakiguswi wala hakifanyiwi kazi. Ni kweli?"

"Ni kweli, mheshimiwa," alijibu Madamu. Swali lilikuwa sahihi.

"Basi na wewe utaonekana."

Kwenye ukumbi wa mbele wa Wizara ya Habari palikuwa na kiti cha wageni. Zilijengwa nguzo tatu za chuma zilizopinda upande mmoja wa kiti, na nguzo tatu za chuma zilizopinda upande wa pili. Madamu Nyamizi akaketishwa katikati. Hapakuwa na mlango, wala kamba, wala pingu. Palikuwa na sheria. Yeyote asimguse, asimsalimie, asimjibu, asimfanyie jambo lolote, na yeye asivuke nguzo. Swali la chakula lilijadiliwa na wanasheria kwa uchungu mkubwa, kwani kumpa ni kumfanyia kazi, na kumnyima nako ni kazi. Wakapata njia ya kati. Sahani ya wali iliwekwa sakafuni nje ya nguzo, mahali ambapo yeye na wali wataonekana pamoja vizuri.

Tangu siku hiyo ujumbe wote wa Mlezi Mkuu ukawekwa kati ya kucha. Nyota zikarudi kwa shangwe. Vistari navyo vikarudi, na Hazina ikatoa tena vile vilivyokuwa vimeshatolewa, ili kuwa na uhakika.

Ziara ya mafunzo

Ikatoka amri kwamba shule zote ziende kujionea. Wanafunzi wa shule ile ya wasichana walipelekwa kwa basi, wakiwa na sare zilizopigwa pasi, huku Mzee Lugendo akiwa kiti cha mbele. Tulikaa nyuma. Hakuna aliyeimba njiani.

"Mtatazama, hamtagusa," mlinzi alisema mlangoni. "Kumsalimia ni kumgusa. Kulia ruhusa, lakini kwa mstari."

Madamu alikuwa amekonda hadi saa yake ya mkononi ilikuwa imepanda karibu na kiwiko. Midomo yake ilikuwa na magamba. Alipotuona alinyoosha mgongo, kama anavyofanya mtu anayeingia darasani amechelewa, na macho yake yakaanza kutuhesabu. Alipofika nafasi ya Sikudhani alituliza macho hapo, halafu akaendelea.

Tulisimama upande wa nguzo za kulia. Msoka, kiranja wetu wa bweni, aliegemea moja kwa bahati mbaya.

"Jamani," alinong'ona bila kugeuza kichwa, "hii inacheza."

"Inacheza vipi?"

"Kama jino la mtoto. Nani alijenga?"

Kibao kilikuwa ukutani, kwa fahari. Mjenzi alikuwa mpwa wa Waziri, karudi kutoka ng'ambo na kampuni. Saruji nayo alikuwa ameweka nusu.

"Mkuu," Msoka alimwambia Mzee Lugendo kwa sauti tamu kabisa, "tunaomba kuimba wimbo wa taifa. Tumeguswa."

Nani angekataa? Tukaanza. Ule wimbo ni mrefu, kama nilivyosema, na unapoimbwa kila mlinzi lazima asimame wima, macho juu, vidole viwili hewani, asitikisike hadi nyota ya mwisho. Waliokuwa mbele waliimba. Waliokuwa nyuma walisukuma. Nguzo ya kwanza ilitoka katika ubeti wa pili, ya pili ikafuata, na ya tatu ikaanguka kwa kishindo tulipokuwa tunaivuta nyota ya mwisho, mlinzi akiwa bado ana vidole juu na jasho linamtoka.

Tulikuwa tumewaza hivi: kucha zisizokuwa na wenzake hazishiki kitu, kwa hiyo Madamu yuko huru. Tulikuwa wanafunzi wazuri, lakini siku ya somo hilo tulikuwa tunacheka.

Mlinzi alipiga simu kwa Jaji. Tulimsikia Jaji kwenye spika, anakula.

"Za kufungulia zipo?"

"Zipo, mheshimiwa."

"Za kufungia?"

"Zimeanguka."

"Basi hakijafungwa. Someni ushahidi wa mshtakiwa mwenyewe, uko kwenye jalada. Kisipofungwa kinameza kila kinachofuata mpaka mwisho wa ukurasa."

"Mwisho wa ukurasa ni wapi, mheshimiwa?"

Jaji alitafuna kwanza. "Mpakani, nadhani."

Ndivyo nchi nzima ilivyoingia kati ya kucha. Ikaandikwa Ubaoni mchana ule ule: tangu nguzo za wizara hadi mpakani, kila mtu na kila kitu kitaonekana, hakitaguswa, hakitafanyiwa kazi. Zahanati zitaonekana. Mabomba yataonekana. Na nisiwe mnafiki, hakuna aliyeona tofauti.

Walinzi nao walikuwa ndani, kwa hiyo hawakuruhusiwa kutuzuia. Tulimbeba Madamu. Alikuwa mwepesi kama begi la kwendea likizo. Tulimlaza kwenye nyasi za wizara, kichwa chake kwenye mkono wa Msoka, na mwingine akakimbilia maji, na bomba lilikuwa limefungwa vizuri na halina kitu.

Alifumbua macho. Aligeuza kichwa polepole, akatazama ukumbini, akaona zile nguzo tatu zimesimama upande mmoja na mashimo matatu upande wa pili. Akakunja uso, uso ule ule wa kibodi ya chaki.

"Ukifungua..." alisema.

Kila mmoja wetu alikuwa na jibu mdomoni. Lakini kama tungejibu, nguzo zingerudi, na katikati yake kiti, na kwenye kiti yeye. Hatukujibu. Alisubiri, kwa subira yake ya darasani, akituangalia mmoja mmoja kuona nani atanyoosha mkono. Kisha akaacha kusubiri.

Haikutangazwa Ubaoni. Asubuhi paredini Mzee Lugendo husoma majina. Sikudhani? Yupo. Halafu hukohoa, hutazama chini, na kusoma jina la mwalimu wa kompyuta. Nasi hujibu.

Msomaji mpendwa, mbele ya neno la kwanza la hadithi hii niliweka kucha tatu. Hukuziona kwa sababu zinafanya kazi yake. Sasa nimefika mwisho, na najua ninachotakiwa kuweka hapa.

Siweki.